Watoto Niliowaondoa Siku ya Mkaguzi

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, ingawa mkosaji nilikuwa mimi mwenyewe. Wewe wiki ijayo unakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha watoto wadogo. Basi kaa unisikilize kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Chuo cha ualimu kilinitoa mjini kikanipeleka skuli moja ya shamba, karibu na Mkokotoni, nikae muhula mzima chini ya mwalimu mlezi, Bi Salma. Nikilala kwake, nikila kwake, asubuhi tukivuka ua tumefika darasani. Mwezi wa kwanza hakuniachia chaki. Alinikalisha mkekani pamoja na watoto, nihesabu kokwa za ukwaju kama wao, na mimi moyoni nikinung'unika: mtoto wa mjini mzima nnakalishwa chini. Kiburi kilinijaa, sikufichi.

Darasani alikuwamo Mwanakombo, miaka sita, analelewa na bibi yake. Zama zile kumpata mtoto wa kike wa shamba aje skuli haikuwa kazi nyepesi. Bi Salma alikwenda kwa yule bibi mara tatu ndipo akakubali. Mtoto mwenyewe alikuwa mzito wa kusema. Ukimwambia ahesabu, anazipanga kokwa zake moja moja, anakutazama, anazivuruga, anaanza tena. Bi Salma akimngojea. Mimi subira hiyo sikuwa nayo.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Wanafunzi wa ualimu tulikuwa na mchezo tuliorithishana: siku mkaguzi anapokuja kukutazama, watoto wazito unawatafutia kazi ya nje, darasani wanabaki wepesi tu. Na walimu walezi wengine wakijua, wakinyamaza, ati wasituharibie. Siku yangu ilipofika, Bi Salma alikwenda barabarani kumpokea mkaguzi. Nikamwita Mwanakombo na wenzake wawili, nikawaambia waende nyumbani kwa Bi Salma wakachambue mchele, wasirudi mpaka niwaite. Mwanakombo, ambaye si muulizaji, akaniuliza, "Mwalimu, mimi leo sihesabu?"

Nikamjibu, "Leo kuna wageni."

Somo likaenda vizuri. Mkaguzi akanisifu, akaandika, akapanda gari. Bi Salma alinistahi mbele ya mgeni. Gari lilipoondoka tu akanigeukia.

"Watoto wangu watatu wako wapi?"

"Wanachambua mchele, Bi Salma."

"Nani kakwambia nna mchele wa kuchambuliwa?" Akanyoosha kidole darasani. "Hawa wepesi hata mimi nikilala watasoma. Wale uliowatoa ndio ulioletwa hapa kwa ajili yao, na wewe umewafukuza."

Kesho yake Mwanakombo hakuja. Keshokutwa hakuja. Bi Salma akaniambia, "Uliyemtoa ni wewe. Kamrudishe wewe."

Nikenda, nikapiga hodi, nikamwamkia bibi yake. Akaitika marahaba, lakini hakunikaribisha kuketi, na kwetu sisi unajua hilo lina maana gani.

"Mwalimu wako kaja hapa mara tatu kunambia mjukuu wangu ana akili kama wenzake," alisema. "Nikamwamini. Juzi mtoto karudi, kanambia yeye si wa kuonwa na wageni. Kama ni kuchambua mchele, mwalimu, hata hapa kwangu upo."

Nikaomba radhi, nikalia. Nikarudi siku ya pili, na ya tatu, na muhula mzima nikenda. Hakumrudisha. Mwanakombo nilikuwa namkuta uani na ungo mapajani, akiniona anainamisha kichwa. Bi Salma alimwandikia mkaguzi akamweleza yote. Akajibiwa kwamba somo lilikuwa zuri, yaishe. Yaishe vipi? Mtoto hakusoma tena, na mimi alama zangu nzuri zimo kwenye cheti mpaka leo. Kile cheti siwezi kukitazama.

Na leo nasikia mchezo ule ule bado upo, ila kazi za nje zimebadilika. Wallahi nachukia. Kwa hiyo usinijie na hadithi za alama. Kaa chini na watoto mpaka uwajue. Mkaguzi akija, alikute darasa lako lote, na yule asiyejua mweke mbele. Akishindwa, shindwa naye hapo hapo mgeni akitazama, kisha mwombe mwalimu wako mlezi akuonyeshe ulipokosea, maana hiyo ndiyo kazi yake. Na siku utakapokuwa mlezi wewe, ukimwona msichana wa chuo uliyekabidhiwa anawatoa watoto nje, msimamishe kabla hawajafika mlangoni. Bi Salma alichelewa kwa kunipokelea mgeni, na alijilaumu mpaka anakufa.

Mwenyezi Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, mwanangu, akuepushe na sifa za namna ile, na akujaalie usije ukasimama kwenye ua wa mtu kumwomba mtoto uliyemfukuza kwa mkono wako. Amin.