Bata wa Bibi na Mnyoo wa Plastiki Siku ya Posa

Naisema aibu hii kwa mdomo wangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mlandizi, maana wao wanaisimulia na chumvi wanayotia wao. Asubuhi ile Mzee Salumu, rafiki yangu na mshenga wetu, alikuja kwangu kuchukua barua ya posa ya mwanangu Idi, tuliyokuwa tunaipeleka Kisarawe, akaniambia kwamba mmoja wa wasindikizaji wake wawili ameamka na homa, gari la kukodi limebaki na nafasi, "na kama si mila ningekubeba wewe Baba Idi, nasikia baba wa binti ana bwawa la samaki nyuma ya nyumba." Alikuwa anatania. Kazi yangu ilikuwa kucheka, nimkabidhi barua yake, niendelee na kahawa yangu. Badala yake nikamwambia angoje nivae viatu.

Kwetu baba wa kijana haendi na barua. Anakaa nyumbani na presha yake, na mshenga ndiye anayekuwa miguu yake na mdomo wake. Barua inafungwa ndani ya leso, inawekwa kwenye sinia, wenyeji wanaipokea, kisha majibu yanakuja siku nyingine. Baba mtu akionekana huko siku hiyo ni kama amekwenda kuchungulia jiko la watu kabla hajakaribishwa. Salumu aliyajua haya kuliko sisi wote, kwa sababu tangu tukiwa vijana ndiye aliyepeleka barua za Mlandizi na Gwata nzima, na hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa mkononi mwake. Hakuwa na shamba kubwa wala nyumba ya maana, alikuwa na jina hilo. Barua ikirudishwa palepale mbele ya watu, mshenga ndiye anayekuwa amepigwa kofi.

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemuuguza alipovunjika mguu (jambo ambalo rafiki hamkumbushi rafiki), akanifungulia mlango wa gari.

Sasa mtaniuliza, mzee mzima, bwawa la watu linakuhusu nini? Ndugu zangu, ni minyoo. Idi anafanya kazi kule bandari kavu ya Kwala, na fundi mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba alimwachia fimbo ya kuvulia inayoingia ndani yake yenyewe kama antena ya redio, pamoja na pakiti ya minyoo laini ya plastiki, rangi ya zambarau, inayometameta, inayonuka vitunguu saumu. Idi akanipa mimi kwa kuwa anajua baba yake ni mtu wa ndoano. Maisha yangu yote nimevua kambale wa Ruvu kwa nyungunyungu na mshipi mnene kama kamba ya viatu, lakini nilipotazama video kwenye simu nikaona nilikuwa mshamba tu. Wenzetu huko wana samaki wanamwita besi, mdomo wake unaweza kuingia ngumi, na wanamvua kwa upole. Upole ndio elimu yote: mshipi mwembamba, ndoano ndogo, mnyoo unachomwa katikati ya mwili ili ncha zote mbili zicheze, hakuna chubwi ya kuuzamisha, unashuka wenyewe taratibu, na wewe unatikisa ncha ya fimbo kidogo sana, halafu unangoja. Mwalimu wa kwenye simu alisema hata macho ufumbe, maana samaki wa namna hii anaongea na kidole, haongei na jicho.

Wiki mbili nilikuwa nimeuonyesha mto Ruvu upole huo na sikupata hata dagaa. Nikasema tatizo ni tope, samaki hawaioni minyoo yangu (mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne hakosi wa kumlaumu). Kwa hiyo niliposikia bwawa la maji safi huko Kisarawe, fimbo ilikuwa imeshaingia kwenye mkono wa koti kabla Salumu hajamaliza kukataa.

Tukapokewa vizuri sana. Mzee Kondo, baba wa binti, mtu mpole, alituandalia mkeka kibarazani, tukasalimiana, kisha akaniangalia mimi akauliza huyu mzee ni nani katika msafara. Salumu akaniangalia, akauangalia mkeka, akasema ni jirani yake, wamempa lifti tu, ana matatizo ya mgongo hawezi kukaa chini. Nikaupinda mgongo hapohapo. Mzee Kondo akaulizia hali ya baba wa kijana, na Salumu, kwa kuwa alishaanza, akajibu kwamba hajambo, yuko kwake Mlandizi anasubiri. Miaka arobaini sikuwahi kumsikia mtu yule akisema uongo, na siku ile aliusema mara mbili kabla hajavua kiatu cha pili.

Mzee Kondo, kwa wema wake, akanielekeza mwenyewe nikanyooshe mgongo kule nyuma, bwawani, kuna kivuli na upepo. Ningemkatalia vipi mwenyeji?

Bwawa lilikuwa zuri jamani, maji yameangaza mpaka unaona perege wakigeuka. Kulikuwa na bata pia, watano au sita, wakiongozwa na dume moja kubwa lenye shingo nene, ambalo baadaye nilikuja kujua kwamba linaitwa Bwana Shamba na ni la mama yake Mzee Kondo, yaani bibi wa binti tunayemposa. Sikuwajali. Nikachomoa fimbo, nikachoma mnyoo katikati, nikautupa, nikafumba macho. Nikaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti, kama mwalimu alivyofundisha, moja mpaka kumi, tikisa kidogo, moja mpaka kumi.

Kwenye saba kidole kikaongea.

Kiliongea kwa nguvu, nami nikasema moyoni huyu si perege, huyu ni baba yao, nikamwachia aubebe vizuri, nikavuta, ndipo nikafumbua macho nikamwona Bwana Shamba juu ya maji amekunjua mabawa yote mawili na mnyoo wangu uko mdomoni. Hapo ningekata mshipi mkasa ungeisha. Lakini mshipi ule mwembamba ulikuwa wa kusokotwa, haukatiki kwa mkono, na kichwani mwangu kulikuwa na mwalimu mmoja tu, naye alisema samaki mkubwa usimlazimishe, mfuate, mwachie mshipi, mchoshe. Basi nikamfuata. Akapanda kutoka bwawani, akapita uani katikati ya masufuria, nami nyuma yake nakimbia na fimbo imepinda kama upinde, kigurudumu cha mshipi kinalia, mtu niliyeletwa pale kwa ugonjwa wa mgongo. Aliyechoshwa ni mimi.

Bata akazunguka nyumba akatokea kibarazani. Wakati huo Salumu alikuwa amekwisha kumtaja kijana kwa jina na ukoo, na Mzee Kondo amenyoosha mikono kuipokea leso. Bwana Shamba akapita kati yao, mshipi ukamviringa Salumu kwenye kanzu, sinia likapinduka, leso yenye barua ikaanguka mkekani na bata akasimama juu yake kutafuta pumzi. Nami nikafika, nikasimama na fimbo yangu. Salumu alikuwa amefungwa miguu kama mbuzi wa sikukuu, na kwa hasira na mshangao, ulimi wake ukafuata njia uliyoizoea.

"Baba Idi, mwachie bata wa watu!"

Kijana anayeposa ndio kwanza ametajwa kwamba ni Idi.

Wa kwanza kusema alikuwa mama yake Mzee Kondo, bibi mwenyewe, aliyetoka uani akitembea haraka kuliko umri wake, akamkamata Bwana Shamba kwapani, akamfungua mdomo (ndoano ilishika pembeni tu, nashukuru Mungu), akavuta kitu cha zambarau kinachometameta na kutikisika ncha zote mbili, akakiinua kila mtu akione.

"Nilimwona tangu mwanzo," akasema. "Kasimama kwenye maji yetu, kafumba macho, midomo inamcheza. Na huyu mdudu sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Haya niambieni, mmekuja kuposa au mmekuja kuloga?"

Nikamwamkia, shikamoo bibi. Hakuitikia. Nikaanza kueleza. Sasa hebu jaribuni wenyewe kumweleza bibi wa Kisarawe, aliyembeba bata wake anayetoka damu, habari za samaki wa nchi za watu ambaye hapa hayupo, anayevuliwa kwa mnyoo usio mnyoo, na kwamba macho yanafumbwa ili kidole kisikie. Nilimwonyesha hata namna ncha inavyotikiswa. Kila nilichoongeza kilizidi kufanana na uganga. Mwisho, ili kuthibitisha kwamba ni plastiki tu haina dawa, nikautoa mnyoo mwingine mfukoni nikautafuna mbele yao. Wale waliokuwa wamenusurika kucheka wakacheka, na bibi akasogea nyuma hatua mbili. (Una chumvi. Haumezeki.)

Mzee Kondo hakucheka. Aliinama, akaiokota leso, akaipangusa tope la miguu ya bata, akamfungua Salumu miguu kwanza, kisha akamwekea ile leso mikononi ikiwa bado imefungwa.

"Mzee Salumu, bata atapona," akasema taratibu. "Habari ya mnyoo naweza kuicheka kesho. Lakini umekaa kwenye mkeka wangu, nimekuuliza baba mtu yuko wapi, ukanijibu yuko Mlandizi. Sasa hayo mengine uliyonieleza kuhusu kijana niyapime kwa mizani gani?"

Salumu angeweza kunitaja. Angesema ni mimi niliyemlazimisha, nilimkumbusha mguu. Hakusema. Alisema tu, "Ni kweli nimekosa," akaitia barua mfukoni, akavaa viatu. Njia nzima kurudi, kupita Kibaha mpaka Mlandizi, alikuwa anatazama nje, na mimi nilikuwa nimeshika fimbo magotini kwa sababu ilikataa kuingia tena ndani.

Idi alimwoa yule binti. Niseme hivyo msije mkamhurumia bure. Miezi tisa baadaye ndugu wa mke wangu walikwenda upya, wakaomba radhi kwanza ndipo wakatoa barua, ikapokelewa. Siku hiyo mimi nilikaa nyumbani, na mke wangu alikaa mlangoni kuhakikisha. Bibi sasa ni mtani wangu, akinipigia simu anauliza wachawi wa Mlandizi hawajambo. Fimbo nimeigawa. Nimerudi kwenye nyungunyungu.

Lakini habari ilifika Mlandizi kabla ya gari letu, na tangu siku ile hakuna mzazi aliyempelekea Salumu barua. Nimekwenda kwake mara tatu kuomba msamaha, mara ya mwisho na mkewe akiwa shahidi. Ananikaribisha kiti, anaitikia salamu, anasema yamekwisha, halafu anakaa kimya mpaka niage. Kwangu haji. Nilikuwa na rafiki mmoja wa miaka arobaini, naye alikuwa na jina ambalo hakuwahi kulitia doa. Nilipanda gari lile kwa tamaa ya bwawa la watu, na vyote viwili vimepotea, jina lake na urafiki wetu, na aliyevipoteza ni mimi.