Kijiko cha Msomaji

Kifaa kikimfaa mtu, si chetu tena. Kanuni hiyo Nagumo Iwao aliiandika kwa brashi, akaibandika juu ya meza yake ya kazi, na kwa miaka kumi na mmoja hakuivunja hata mara moja.

Alikuwa mng'arisha vijiko mstaafu hapa Tsubame, mji ambao nusu ya wanaume wake wamemalizia macho na mapafu kwenye vijiko. Kila Alhamisi yeye na wenzake sita walikutana juu ya duka la tambi kuonyeshana chindogu, yaani vifaa walivyovihangaikia wiki nzima ili visimsaidie mtu: kandambili zenye taa za breki, mwavuli wa kukinga kikombe cha chai. Kifaa kilipaswa kutenda kweli kile kilichodaiwa, ila kwa namna ambayo hakuna mwenye akili timamu angekitumia. Kuviuza kulikuwa mwiko.

Kwa maonyesho ya chama chao ya mwaka ule alitengeneza Kijiko cha Msomaji. Ukikanyaga pedali chini ya meza, mkono wa chuma ulichota supu bakulini ukaipandisha hadi mdomoni, huku mikono yako miwili imeshika gazeti. Pedali aliing'oa kwenye cherehani ya mkewe, Kinuyo, ambaye hakuihitaji tena. Baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole vyote. Kwa miaka miwili alilishwa na mumewe, na kila akimeza aliinamisha macho.

Siku moja Nagumo alirudi nyumbani pamoja na Kumakura, mwenyekiti wa chama, wakamkuta Kinuyo mbele ya kile kifaa, bakuli tupu.

"Baba Chizuru, nimekula mwenyewe!" alisema, akimwita mumewe kwa jina la binti yao. "Supu yote ya miso. Niangalie kifuani, hata tone!"

Nagumo alilitazama bakuli. Aliyecheka ni Kumakura.

"Shemeji, umemuumbua mzee! Nagumo, umetuundia kitu cha wodini. Kesho utatuletea magongo?"

"Acha hizo, Kumakura."

"Niache nini? Kanuni umeiandika kwa mkono wako. Hiki maonyeshoni hakiingii."

Mgeni alipoondoka, Kinuyo alisema, "Basi niachie mimi. Wao wapelekee kingine."

"Nilikiunda kiwe chindogu."

"Haya, niundie cha kwangu, hicho kibaki cha mchezo wenu."

"Vikiwa viwili, kimoja cha kazi, hiki cha mchezo kitakuwa uongo."

"Na mimi nitakuwa nini?"

Asubuhi Nagumo alikata sentimita nne za ule mkono wa chuma, akauunga upya. Alikusudia kumwambia, lakini hakumwambia.

Saa sita mchana Kinuyo aliketi, akakanyaga pedali. Kijiko kiliishia mbele ya kidevu, na supu ya moto ikammwagikia kifuani. Akadhani amekosea yeye. Akavuta kiti, akakanyaga tena, ikamwagika tena. Mara ya tatu ndipo alipoliona lile kovu jipya la kuchomelea.

"Umekikata."

"Nimekirekebisha," alisema Nagumo.

Wapo wanaomsifu hadi leo kwa msimamo wake. Mimi nilikuwa jirani yake na simsifu. Msimamo ni jambo jema pale anayeubeba ndiye anayeumia. Yeye aliubebesha mwanamke asiyeweza kushika hata kijiti cha kulia.

Kifaa kilipokewa maonyeshoni kwa makofi mengi, na Kumakura aliinama kwa heshima mbele ya Nagumo zaidi ya mara moja. Kinuyo hakwenda. Kabla theluji haijayeyuka, Chizuru alikuja na gari kutoka Nagaoka, akamchukua mama yake. Nagumo aliwafungulia mlango, akabeba mfuko wa dawa hadi garini.

Kinuyo aliishi miaka mitano zaidi, akilishwa na bintiye, na hakurudi. Kanuni ile ilimgharimu Nagumo mkewe. Kinuyo ilimgharimu milo yote ya miaka hiyo mitano, ambayo angeweza kuila bila kulishwa na mtu.