Dirisha la Upande wa Mlima

Harufu ya udongo uliolowa hunirudisha Bigwa, kwenye nyumba yetu isiyokwisha. Wengine huipenda harufu hiyo. Mimi hunibana kifua.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakutaka kusikia habari za fundi. Ramani aliichora mwenyewe ardhini kwa majivu, mama akimfuata na ufagio kufuta alichokikataa. Jiko peke yake lilihamishwa mara nyingi hadi mama akasema atapikia barabarani. Mimi, kifungua mimba wao, niliambiwa nichague pa kuweka dirisha langu. Nikachagua upande wa mlima, niwe naona mawingu yakishuka Uluguru asubuhi.

Tulihamia kikiwa kimeezekwa chumba kimoja tu, kile chenye dirisha langu. Enzi zile saruji ilitoka kwa kibali na mbao kwa kujuana, na baba hakujuana na mtu. Kisha chui akashuka, akachukua mbwa wa jirani. Kesho yake baba akaliziba dirisha langu kwa matofali.

"Ni kwa muda tu, Koleta," aliniambia. "Fremu zikija, nafungua."

Fremu hazikuja. Ikaja masika, nikakatazwa kutoka nje, tukabanana humo sisi watatu, kuku na moshi wa koroboi. Niliwasikia watoto wa mlimani wakiteremka na vikapu vya mboga, nisimwone hata mmoja. Niliichukia nyumba ile. Baba nilimchukia zaidi, maana kila usiku alitandika mkeka chini ya dirisha lile lile, mgongo ukutani, kama askari jela.

"Baba Koleta, njoo kitandani, ukuta una baridi," mama alimwambia.

Alijibu kwamba kitandani kuna joto. Mimi niliamini ananizuia nisitoroke.

Nyumba ilikuja kumalizika, chumba kile kikawa stoo, dirisha likasahauliwa. Mwaka jana, baba akiwa ameshafariki, nilimwita fundi alifungue. Alikuja na nyundo na tindo. Aligonga kidogo, akaviweka chini.

"Dada, hapa hamna saruji. Ni udongo mtupu."

Akasukuma kwa kiganja. Matofali yakaangukia nje, mwanga ukaingia.

Nilikaa sakafuni, pale palipokuwa na mkeka, nikalia. Saruji ilikuwa imemwishia, na hakutaka tujue. Chochote ambacho kingesukuma matofali yale kingemkuta baba kwanza.