Peremende Kwenye Daftari Langu la Mchanga

Kwa wiki tatu mfululizo kuna mtu alikuwa anafungua gari langu kila asubuhi ya mbio, anasoma daftari langu, halafu anafunga mlango taratibu na kwenda zake.

Haibi kitu. Sarafu za maegesho anaziacha. Darubini anaiacha. Anasoma tu.

Nilijuaje? Peremende. Kila nikirudi nakuta vumbi jeupe katikati ya kurasa, na siku moja nikakuta kipande cha ile peremende ya duara yenye tundu, kimegandia juu ya maandishi yangu.

Mimi peremende situmii. Na ninamjua mtu mmoja anayezimung'unya kutwa nzima, mfuko wa koti umejaa. Clive Mapperley.

Nikasema sawa, Clive. Utanitambua.

Naitwa Des Tranter. Kama unafuatilia mbio za farasi za viwanja vya mchanga huku katikati ya Uingereza, unanijua, na pengine hunipendi. Sijakuomba unipende. Miaka ishirini na sita nachambua mbio na kutaja nani atashinda, na ninapatia kuliko wengi wanaovaa tai kwenye televisheni.

Wenzetu wa mbio za nyasi wana majira ya joto, kofia kubwa na mvinyo. Sisi wa mchanga tuna Januari, upepo wa kukata masikio, na watu hamsini wamejibanza nyuma ya kibanda cha chipsi.

Na mchanga wetu si ule wa ufukweni. Umechanganywa nta na nyuzi ili mbio ziendelee, inyeshe mvua au ianguke theluji. Kwa hiyo wajinga wanadhani uko vilevile siku zote.

Hauko. Trekta la kusawazisha likipita baada ya baridi kali, linasukuma mchanga laini upande wa ndani, kando ya reli, yaani ule uzio wa ndani wa njia. Farasi anayekimbia pale anazama. Siku nyingine palepale ni pagumu, na anayeshika reli hakamatiki.

Utajuaje? Utembee. Mimi kila siku ya mbio, kukipambazuka, nazunguka uwanja mzima kwa miguu na sindano ya kufumia ya marehemu mama yangu. Naichoma mchangani kando ya reli, naichoma katikati, naichoma nje, naandika imezama kiasi gani.

Kisha daftari nalitupa kwenye kiti cha gari, naenda kantini kula mkate wa bekoni. Gari halifungiki, kitasa kilikufa zamani. Nani aibe daftari?

Sasa Clive anauza karatasi yake ya utabiri pale getini, pauni mbili, kuanzia saa tano. Uchambuzi wangu unatoka mtandaoni saa sita. Na kwa wiki tatu hizo karatasi yake ilikuwa inasema yaleyale yaliyomo daftarini mwangu. Leo reli inazama. Leo reli ni ngumu.

Clive magoti yake mabovu. Hafiki chooni bila kupumzika njiani. Mchanga ameupimaje?

Nilikuwa namchukia bure tangu zamani. Sasa nikapata sababu.

Ngoja kwanza nikwambie habari za Bryony.

Bryony ni mwanangu wa pekee. Mama yake alifariki mtoto ana miaka sita, nikamlea kwenye uwanja huuhuu. Alikuwa anabeba ile sindano asubuhi, mimi naandika, na mifuko yake haikukosa kitu cha kuwahonga farasi.

Alipokuwa na miaka kumi aliniuliza kwa nini maneno ya mtandaoni hayafanani na ya daftarini.

Nikamwambia, "Ya mtandaoni nawaandikia wateja, lazima niyapambe. Ya daftarini namwandikia Mungu."

Alicheka sana siku ile.

Akakua, akawa joki, mpanda farasi wa mbio. Joki mwanafunzi, kwenye mazizi ya Hilary Oakden, ng'ambo ya barabara. Mwaka juzi alipoteza mbio ambazo hata mimi na kitambi changu ningeshinda. Nikaandika nilichokiona. Niliandika kwamba Bryony Tranter bado ni abiria juu ya farasi.

Jioni ile nikamkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Umeniita abiria mbele ya nchi nzima," akasema.

"Ulikuwa abiria."

"Ungeniambia jikoni, baba."

"Wateja wangu hawanilipi niwafiche ukweli kisa joki ni binti yangu."

Akabeba begi, akahamia chumba cha juu ya mazizi. Miezi kumi na minne hatukusemeshana. Tukipishana kwenye maegesho yeye anaangalia viatu, mimi naangalia mawingu. Ndiyo, nina kiburi. Huna chako?

Hapo karibuni alikuwa ameanza kushinda. Mara nne ndani ya wiki tatu. Nev, dereva wa trekta, aliniambia kantini, "Binti yako kaiva, Des. Siku hizi anajua pa kupita." Nikamwambia hiyo ni bahati tu, anywe chai yake.

Basi, Alhamisi moja ya Januari nikaamua kumtegea Clive.

Usiku wa kuamkia siku hiyo baridi ilikuwa imepiga haswa. Asubuhi nilipoichoma sindano kando ya reli ilizama karibu yote. Katikati ilizama nusu tu. Yaani siku ile ukishika reli umekwisha.

Nikafungua daftari nikaandika kinyume. "Reli ngumu. Ndani kunakimbiza. Anayeshika reli anashinda." Nikapiga mistari miwili chini yake.

Ukweli niliuandika kwenye risiti ya petroli, nikauficha ndani ya soksi.

Nikaliweka daftari kwenye kiti, nikaenda zangu kantini kwa raha. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Nev akaja na chai yake, akakaa.

"Umesikia ya Bryony?" akaniuliza. "Oakden kamwambia leo ndiyo leo. Akishinda na Marigold, atapanda farasi wote wa zizi mpaka Pasaka. Akishindwa, analetwa kijana kutoka Newmarket, kwenye mji wa mbio, yeye anarudi kwenye fagio."

"Hainihusu," nikasema.

Ilinihusu. Nikausukuma mkate pembeni.

Nikafungua kompyuta palepale nikaandika uchambuzi wa mbio hizo. Marigold ana lango namba moja, kabisa kando ya reli, na hapendi kurushiwa mchanga usoni na walio mbele. Kwa hiyo atatangulia mapema. Niliandika kwamba reli inazama, Baron Pip wa lango la tisa atakuja na njia ya katikati, ni wa kuogopwa. Kisha nikaongeza hivi:

"Lakini Bryony Tranter si yule wa mwaka juzi. Akimtoa Marigold katikati mapema, hakuna wa kumshika. Namchagua yeye."

Nilifuta mara tatu. Mara ya nne nikatuma.

Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yangu. Sijui kuomba nyingine.

Getini nikamkuta Clive kwenye kiti chake cha kukunja, karatasi magotini, shavu limevimba peremende.

"Umeandika nini leo?" nikamuuliza.

"Nunua usome. Pauni mbili."

"Sinunui mali yangu mwenyewe."

Akahamisha peremende shavu la pili. "Wewe umezeeka vibaya, Des. Hata mbwa wako alihamia kwa jirani."

"Leo utakula mchanga, Clive."

"Nimeula miaka arobaini. Una chumvi?"

Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke, nikijua mchana watamgeukia huyu mtabiri wao.

Saa nane na dakika kumi malango yakafunguka.

Marigold alitoka vizuri. Bryony akamsukuma akatangulia, akaishika reli. Sawa, nikasema, anamkinga na mchanga wa usoni. Kona ya kwanza sawa. Upande wa mbali sawa, anaongoza kwa urefu wa farasi watatu.

Kona ya mwisho nikasema, sasa mtoe.

Hakumtoa.

Alibana reli mpaka kiatu chake kikawa karibu kuigusa. Alikuwa ametulia, mgongo chini, mikono mizuri. Alipanda kama mtu asiye na shaka hata chembe.

"Mtoe," nikasema. "Bryony, mtoe."

Jamaa wa pembeni akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia afunge mdomo wake.

Mita mia mbili za mwisho Marigold akaanza kuzama. Unaiona kichwani kwanza, kichwa kinaanza kupanda na kushuka. Miguu ikawa mizito. Baron Pip akaja na njia ya katikati, palipo pagumu, mwepesi.

Wakavuka mstari pamoja, lakini mwenye macho aliona. Marigold kashindwa kwa kichwa kimoja.

Nikageuka nimtafute wa kumtukana. Clive alikuwa palepale anakusanya pesa yake kwa mpokea dau, anachekelea.

"Asante, Baron Pip," akasema. Akanipa karatasi. "Chukua bure. Nakuonea huruma."

Nikasoma. Reli inazama. Njia ya katikati. Baron Pip.

Nikasoma tena.

"Nani kakwambia reli inazama?" nikamuuliza.

"Nev. Nani mwingine? Si ndiye anaendesha trekta? Namnunulia soseji, ananiambia, miaka yote. Ni wewe peke yako unayeichoma ardhi sindano kama inaumwa."

"Na gari langu?"

"Gari lako limefanya nini?"

"Daftari langu, Clive. Unafungua gari langu unasoma daftari."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Yale maegesho ya nyuma? Kwa magoti haya? Des, nenda kamuone daktari."

Nyuma ya bega lake nikapaona pale wanapofungulia farasi matandiko. Bryony alikuwa ameshuka. Marigold alikuwa anahema, mvuke unamtoka. Bryony akavua glavu, akatoa kitu kilichokuwa kimefichwa ndani yake, akamlisha farasi kiganjani.

Kitu cheupe. Cha duara.

Watu wote wa mazizini wanatembea na peremende. Farasi wanazipenda. Miaka ishirini na sita nawaona wakiwalisha, na nikamkumbuka Clive tu kwa sababu Clive ndiye niliyetaka awe yeye.

Nikamrudishia Clive karatasi yake, nikaondoka.

Nilisubiri nje ya chumba cha majoki. Oakden akapita wa kwanza, hakusimama. "Nilimwachia aamue njia mwenyewe," akasema. "Kaganda kwenye reli kama kaapishwa. Kijana wa Newmarket anaanza Jumatatu."

Kisha akatoka Bryony, mchanga umemjaa kwenye nyusi.

"Ulisema reli ngumu," akaniambia.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miezi kumi na minne.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Gari lako halifungiki. Nikitoka kuwakimbiza farasi asubuhi napita, nasoma, naondoka. Mwanzoni nilitaka kuuona mwandiko wako tu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza wapi? Jikoni?"

"Nimeandika mtandaoni saa sita. Nimeandika utoke katikati. Nimekuchagua wewe, Bryony. Nimekuandika vizuri."

"Simu tunaziacha mlangoni tukiingia humu, unajua." Akajifuta nyusi. "Na hata ningeyasoma, nisingeyafuata. Ya mtandaoni ni ya wateja. Ya daftarini ni ya Mungu. Si ulisema wewe?"

Sikuwa na uongo mwingine uliobaki. Nikamwambia, "Nilimtegea Clive."

Hakulia. Hakupaza sauti. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia aliyokuwa haijui.

"Kwa hiyo hata kunifikiria hukunifikiria," akasema.

Akavuka barabara kurudi mazizini.

Sasa ni Machi. Anafagia. Kijana wa Newmarket ndiye anayempanda Marigold, na kashinda naye mara mbili. Nilimpigia Oakden nimweleze, akakata simu kabla sijafika kati. Nilimwendea Nev anisemee, akaniambia yeye ni mtu wa trekta.

Najua mtakuja hapo chini kwenye maoni kunitukana. Karibuni, nafasi ipo. Clive na wewe njoo, wewe mhonga soseji, bado sikupendi.

Ila someni vizuri. Siku ile Bryony Tranter hakukosea. Alipanda kama joki mkubwa, akafuata maandishi ya mtu aliyemwamini kuliko macho yake. Mbio za Marigold nilizipoteza mimi, alfajiri, kwa kalamu. Nilimwita abiria mbele ya nchi nzima, kwa hiyo na hili naliandika mbele ya nchi nzima.

Na wewe unayemtegea adui yako leo, iwe kazini au kwenye ukoo, kabla hujaweka mtego kaa kwanza uangalie ni nani mwingine anapita njia ile. Usijifanye unajua. Mimi nilijua.

Bado natembea na sindano kila siku ya mbio. Daftarini naandika kweli tupu. Naliacha kwenye kiti, mlango wazi, na pembeni yake naweka pakiti ya peremende.

Leo asubuhi nimerudi kutoka kantini. Pakiti bado haijafunguliwa.