Mtoto wa Hamidah na Kidole cha Sita

Nilimdhania Hamidah kuwa mtu wa kungoja kuamuliwa na wengine. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: hakuwa msemaji. Kila asubuhi alipita mbele ya ofisi yetu ya uwakala wa forodha na beseni la samaki wadogo wakavu, wale wanaoitwa mukene upande wa Uganda na omena wakishavuka kwenda Kenya, na salamu yake ilikuwa fupi. Alizaliwa Mulanda, akaolewa hapa Busia mpakani, upande wetu wa Uganda, na Twaibu, dereva wa lori, wakakaa kwa mama yake Twaibu, Hajati Aidah. Ua wangu na wao umetenganishwa na michongoma tu.

Mtoto wao wa kwanza, mvulana, alizaliwa na kidole cha sita pembeni mwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kidogo, laini, kisicho na mfupa. Siku ya saba, ambayo kwa desturi yao mtoto hupewa jina, ilipita bila jina. Hajati alisema kwao hakuna vidole vya namna hiyo. Twaibu hakutoa jina, na sote tulielewa maana yake: asipomtambua mtoto, Hamidah angerudishwa Mulanda naye.

Twaibu alinijia ofisini kwa kuwa nilisomea biolojia chuo kikuu, jambo ambalo mtaa hulitaja zaidi kwa utani.

"Digrii, leo hiyo karatasi yako ifanye kazi," alisema. "Mimi vidole kumi. Hamidah kumi. Huyu mtoto ametoa wapi ingine?"

Nilimjibu upesi kuliko ilivyostahili. Ziko sifa zinazojificha, nilisema. Mtoto huzionyesha tu akipokea jeni yake kwa baba na kwa mama pia. Mzazi mwenye jeni moja haonyeshi chochote. Huenda wote wawili wanayo. Aliondoka ametulia. Jioni nilifungua vitabu vyangu vya zamani nikaona nimempotosha. Kidole cha namna ile huwa ni sifa inayotawala: jeni moja, kutoka kwa mzazi mmoja, yatosha kuonekana. Mara chache mwenye nayo huzaliwa bila alama yoyote; lakini kwa kawaida, mtoto akiwa nacho, mzazi mmojawapo alizaliwa nacho. Ukweli huo ungeweza kumfukuza Hamidah. Niliuficha siku kadhaa, na hadi leo sijui kama ilikuwa huruma au woga.

Hamidah mwenyewe alikuja hadi kwenye michongoma. "Shemeji, naona unanikwepa. Kama kuna kitu, kisemee mbele ya mama."

Tukakaa uani kwa Hajati, Twaibu naye akiwepo, mtoto amelala mgongoni kwa mama yake. Kuku wa Hajati walikuwa wakichakura karibu nasi, pamoja na jogoo wake mwenye shingo tupu, isiyo na manyoya.

"Hajati, huyu jogoo wako, vifaranga wake hutokaje?"

"Wengine shingo tupu kama yeye, wengine na manyoya. Nusu nusu hivi."

"Na jogoo mwenye manyoya shingoni akipanda tetea mwenye manyoya?"

"Hapo shingo tupu itoke wapi, Digrii? Hata wewe!"

"Basi shingo tupu ni sifa inayotawala. Kifaranga akiipata kwa mzazi mmoja tu, huionyesha. Kidole hiki nacho huenda hivyo mara nyingi. Nilimwambia Twaibu vingine, nilikosea."

Hajati alimgeukia mkwewe taratibu. "Umesikia? Mmoja lazima anacho."

"Nimesikia, mama." Hamidah alinyoosha mikono juu ya mkeka, viganja chini. Pembeni mwa vidole vyake ngozi ilikuwa laini kabisa. "Kagua. Halafu kagua na ya mwanao."

"Yangu ni ya usukani tu," Twaibu akacheka, lakini akaiweka. Pembeni mwa kidole cha mwisho cha kushoto palikuwa na kinundu mfano wa punje ya mtama.

"Hicho nini?" nikauliza.

"Chunjua. Niko nayo tangu utoto."

Hajati alikiinamia. "Si chunjua," akasema. "Ulizaliwa na kidole hapo. Shangazi yako alifunga na uzi, ikakauka, ikaanguka. Mimi nilihesabu kama kitovu tu: ikianguka, imeisha. Sasa kitu imeanguka itarudi aje kwa mtoto?"

"Uzi ulikausha kidole, Hajati. Jeni yenyewe imo mwilini mwake mwote. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea."

"Kumbe ni sisi," alisema, akavuta kanga yake usoni.

"Kumbe nilikuwa na kumi na moja, mkaninyang'anya moja," alisema Twaibu. Akamchukua mtoto mgongoni kwa Hamidah, akaadhini polepole katika sikio lake la kulia, akamwita Swaliki, jina la baba yake mwenyewe.

Hajati aliuliza kama alete uzi. "Hapana, mama," alisema Hamidah. "Tutampeleka kwa daktari."

Nilirudi kwangu nikiamini kwamba jogoo yule na maelezo yangu vilimwokoa. Mwaka uliofuata, nikifuatilia mizigo upande wa Kenya, mwenye nyumba mmoja aliniuliza habari za mpangaji wake Hamidah. Wiki moja kabla ya kikao chetu cha uani, kumbe Hamidah alikuwa amekwisha kupanga chumba kwake, akaingiza godoro na chandarua cha mtoto. Bado anacho. Huwekamo omena.