Oili Iliyolala Jikoni

Nilinunua mikeka miwili ya umeme hapa Guangzhou, wiki ileile niliyopokea diploma yangu ya ufundi wa ndege. Niseme wazi: darasani tulikuwa thelathini na wanne, karibu wote Wachina, na mimi niliyebeba maboksi ya viatu soko la Liuhua kila Jumamosi ili nisome, nilimaliza wa pili. Mwenye duka aliniuliza Afrika kuna baridi gani ya kupashia injini joto.

"Laoban," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita mabosi wa huku, "kwetu kuna milima ambayo hujawahi kuiota." Akacheka, akanifungia mzigo.

Kwetu ni nyanda za juu za Kivu Kusini. Uwanja wetu wa nyasi uko juu kiasi kwamba mwezi wa saba umande huganda. Injini ya ndege ndogo ya viti sita ikilala nje kwenye baridi ile, oili inakuwa nzito kama asali, na betri haiwezi kuizungusha. Lazima uipashe joto kwanza.

Niliporudi kuwa fundi wa uwanja, kazi hiyo niliikuta mikononi mwa Mama Zawadi, mjane wa fundi aliyenitangulia. Hakuwa na cheti chochote. Kila jioni, ndege ikishatua, aliimwaga oili ingali ya moto kwenye madebe mawili, akayalaza kando ya meko jikoni kwake. Alfajiri aliirudisha kwenye injini iliyofunikwa blanketi. Rubani wetu, Kapteni, alisema kwa miaka tisa haikuwahi kugoma.

Nilimwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Nikabandika mikeka yangu chini ya injini, nikavuta waya hadi kwenye jenereta. Ilifanya kazi vizuri mno, nami sikuacha kusema hivyo.

"Diploma," aliniita, na jina likanishika, "jenereta ikinyamaza, utapulizia na kinywa?"

"Mama, hii ni karne nyingine."

"Na hiyo karne yako inakulaka petroli."

Kisha wapiganaji wakafunga barabara, na majeruhi wakajaa zahanati. Kapteni akapanga safari mbili za Bukavu alfajiri: ya kwanza majeruhi, ya pili wauguzi na sisi wa uwanjani. Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi.

Jioni hiyo Mama Zawadi alikuja na madebe yake. Nikamrudisha. Petroli ya jenereta nilikuwa nimeipima asubuhi, na sikuipima tena. Mchana muuguzi alikuwa ameichota kwa ajili ya taa ya chumba cha upasuaji, na alikuwa na haki.

Alfajiri nilikuta jenereta imezimika na injini baridi kama jiwe.

Kapteni alijaribu kuwasha. Propela ikazunguka nusu, ikasimama.

Upande wa mto, risasi za kwanza.

"Usiguse tena, utaua betri," alisema Mama Zawadi. Hakunitukana. Alifungua kizibo, na oili ikashuka polepole kama uji wa mgonjwa. Akaiweka kwenye sufuria ya maharagwe, juu ya moto mbali na ndege. Kisha akaleta jiko la makaa, akasimamisha bomba la bati juu yake, akaelekeza joto kwenye tumbo la injini.

"Kitabu kinakataza moto chini ya ndege," nilisema.

"Basi hicho kitabu kishike blanketi lenye maji. Moto ukiruka, hapo ndipo tutaona diploma."

Nilishika blanketi.

Risasi zilisogea. Majeruhi walikuwa wameshapakiwa. Yeye aliweka kiganja kwenye chuma, akasubiri, akakiweka tena. Nimesimama katika karakana kubwa za ndege tangu hapo, nimefanya kazi na wahandisi wa kila aina. Sijaona mkono mtulivu kama ule.

Dakika arobaini na tano.

Akamimina oili. Injini ikawaka mara ya kwanza.

"Fundi mmoja apande," Kapteni alipaza sauti. "Ikizimika kule nani ataiwasha?"

Mama Zawadi alinisukuma mgongoni. "Panda, weye mwembamba. Mimi niko safari ya pili."

Nilipanda.

Bukavu tulishusha machela bila kuzima injini. Ilikuwa ya moto, mafuta yalikuwapo, haikuhitaji kitu chochote. Redio ya uwanjani kwetu ikaita mara moja, kwa sauti ya Mama Zawadi.

"Musirudi. Bamefika."

Uwanjani walibaki watano. Watatu walifika Bukavu kwa miguu siku ya nne. Walisema walimwona Mama Zawadi mara ya mwisho kwenye mteremko, amembeba mgongoni yule muuguzi wa petroli, aliyepigwa risasi mguuni, akiwaambia watangulie. Hatukupata hata kaburi.

Leo nina kampuni yangu hapa Guangzhou. Vipuri vyangu vya ndege vinapita bandari ya Nansha kwenda nchi nne, na wanafunzi wa Dar na Nairobi wananiita Injinia. Ninapenda waniite hivyo, jina hilo nimelitolea jasho. Ninazijua injini kuliko wengi, na yeye alizijua kuliko mimi. Zile dakika arobaini na tano alizokaa akirekebisha kosa langu zilitosha ndege kwenda Bukavu na kurudi kumchukua.