Matarumbeta kwa Jeneza Tupu

Kilichonikera kwanza ni jinsi walivyokuwa wanaongea juu ya muziki. Binti yetu aliyeko Dar alinitumia kiungo kwenye simu, akaandika, "Mama, wanamwongelea baba, usikose." Nikabonyeza. Kumbe ni podikasti: vijana wawili, msichana na mvulana, wana kastudio kao hapa hapa Arusha, pale Themi, na kila wiki wanachukua filamu moja na kuichambua kupitia muziki aliotunga mume wangu. Wanapiga kipande kidogo, kabla hakijafika popote wanakikata, halafu wanaanza, "Hapa unaona anavyocheza na hisia." Hisia zipi, na wimbo mmeukata? Mtu anafunua sufuria, ananusa, anafunika, halafu anakuhadithia ladha!

Mume wangu ni mtunzi wa muziki wa filamu. Ukisema hivyo Arusha watu wanaitikia vizuri, kisha wanakuuliza, "Sawa, na kazi anafanya wapi?" Miaka yote amekuwa mwalimu wa kwaya na kiongozi wa matarumbeta ya kanisa. Filamu zilimjia kwa sababu mwongozaji mmoja wa hapa mjini aliyasikia matarumbeta yake asubuhi ya Pasaka, akamfuata mpaka nyumbani. Tangu hapo kila filamu ya yule bwana, muziki ni wa mume wangu. Anauandika kwa herufi za do re mi, kama nyimbo za kwaya, na akiandika anaweza kunyamaza siku nzima. Kusema kweli, hata asipoandika ananyamaza. Mimi ni Mchaga, nimeolewa kwa Wameru, duka langu la vitenge liko Kimandolu, na mdomo wangu wanaujua. Nyumbani kwetu Lemara maneno ni yangu, kimya ni chake.

Basi nikawa nasikiliza dukani, nasonya na kusikiliza. Nilijivuna pia, nisidanganye. Mteja akiingia naongeza sauti, namwambia, "Huyo wanayemsifu hapo, ugali wake naupika mimi."

Mpaka walipofika kwenye filamu ya mazishi. Ndani yake baba mmoja anamzika mtoto wake mdogo kwenye migomba, na matarumbeta yanapiga. Watu waliililia filamu ile. Mimi sijawahi kuitazama, na sababu yake nitaisema. Msichana wa podikasti akapiga kipande, akakikata kama kawaida yake, akasema, "Sikilizeni zile noti zinavyoshuka, halafu ile moja inapanda na kubaki juu. Katika kila filamu iliyofuata, mtoto akitoka mlangoni, hata kama anakwenda shule tu, noti hizi zinarudi, chini kabisa, unaweza usizisikie. Mimi naamini mzee huyu alizika mtoto."

Nikazima simu. Mteja alikuwa ameshika kitenge cha maua, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia duka limefungwa.

"Mama, saa nne asubuhi?"

"Limefungwa!"

Sasa nieleze. Watu wananiita mama fulani kwa jina la binti yangu huyu wa Dar, wakidhani ndiye wa kwanza. Siye. Wa kwanza alikuwa wa kiume, tulimpata tukiwa bado tunakaa kwa wakwe zangu, juu huko mlimani Meru. Aliishi wiki chache, homa ikamshika, akaondoka kabla hajabatizwa. Na kwa desturi ya pale kwetu siku zile, mtoto mchanga ambaye hajabatizwa hagongewi kengele, hapigiwi matarumbeta, wala watu hawakai matanga. Wanawake wa nyumbani wanamfunga khanga, wanamlaza kwenye migomba karibu na mfereji, ambako udongo ni laini, basi, yameisha. Mama mkwe akanishika mabega akaniambia, "Usimlilie. Mtoto wa kwanza ukimlilia unafunga tumbo, huzai tena." Hakuwa mtu mbaya, Mungu amlaze pema. Lakini jamani! Mtu ametoka kuzaa, maziwa yanamchuruzika kifuani, unamwambia asilie? Nikameza.

Na mume wangu? Alisimama mlangoni, akatazama wanawake wakienda kule migombani, akaingia ndani. Hakudondosha hata chozi. Haikupita muda akanieleza kwamba filamu mpya ya yule mwongozaji ina mazishi ya mtoto, na kwamba watayarekodi pale pale, kwenye migomba ya jirani, ng'ambo ya mfereji. Migomba yote ya Meru, kuanzia huko juu mpaka Tengeru, hakuona pengine! Nikamuuliza, "Huoni aibu?" Akasema, "Ni kazi."

Siku ya kurekodi kukawa na kasheshe. Wapiga matarumbeta, wengi wao wazee wa kanisa, walipoliona lile jeneza dogo wakauliza ndani kuna nani. Wakaambiwa kuna mawe, ili liwe zito kidogo. Wakashusha vyombo vyao. Wimbo wa mazishi haupigiwi jeneza tupu, wakasema, ukilipigia litatafuta mtu wa kulijaza. Mwongozaji akabembeleza weee, akachoka. Ndipo mume wangu akatoa karatasi mfukoni. "Huu si wimbo wa mazishi," akawaambia. "Haumo kwenye kitabu chochote cha kanisa. Nimeutunga mwenyewe." Wakausoma, wakatazamana, wakakubali. Mimi nilikuwa jikoni kwa mama mkwe nawapikia wali. Nikasikia matarumbeta yanaanza, makubwa kwa madogo, nikaziba masikio kwa mikono iliyojaa unga wa viungo. Mwanangu hakupata hata kengele. Mawe yakapigiwa matarumbeta!

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Tukazaa wengine, tukahamia Lemara, tukazeeka. Tukigombana, hata kama ni kuhusu chumvi, mimi najua tunagombania nini: nimeolewa na mwanamume ambaye hakumlilia mtoto wake. Jiwe, ndivyo nilivyokuwa namwita nikikasirika, naye hakubisha. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Na leo kasichana ka Themi, ambako siku zile hakakuwa kamezaliwa, kanawatangazia wote wenye simu kwamba mume wangu ana uchungu. Uchungu! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ni mimi. Nikajua tu, mzee amewahadithia. Mimi mke wake amenifungia mdomo miaka nenda rudi, watoto wa watu amewafungulia!

Nikachukua bodaboda mpaka Themi. Dereva alitaka kunipigia soga njiani, nikamwambia atazame barabara.

Msichana ndiye aliyefungua mlango. "Shikamoo, mama."

Marahaba sikuitoa. "Nani kawaambia habari za mtoto wangu?"

Mwenzake akavua vile vidude vya masikioni, akaja kusimama nyuma yake.

"Mtoto gani, mama?"

"Usinichezee! Wewe si ndiye uliyesema mume wangu alizika mtoto?"

Msichana akaweka mkono mdomoni. Akasema polepole, "Kwa hiyo ni kweli." Kisha akaniomba niingie. "Mama, hakuna aliyetuambia. Mzee tulimfuata, tukamuuliza kuhusu zile noti, akasema ni muziki tu, akatumiminia chai. Mimi nilisikia kwenye filamu zenyewe, nikakisia. Naomba unisamehe. Nilikosea kusema jambo kama lile bila kuja kwenu kwanza."

"Ulikosea, tena sana."

"Ndiyo, mama."

Mvulana akakohoa. "Kuna kitu hatukukirusha. Mwongozaji alituambia kwamba yeye alitaka mazishi yarekodiwe kule chini karibu na barabara, ili gari la vifaa lifike. Mzee akakataa katakata. Alimwambia kama si pale kwenye mfereji, atafute mtunzi mwingine."

Nikakaa bila kukaribishwa kiti. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga kwenye bodaboda, sikuyaona tena. Nikamwambia, "Hebu ipige. Na ole wenu mkate."

Wakaipiga. Inaanza tarumbeta kubwa peke yake, chini, polepole, kama mtu anayetembea kwenye tope. Halafu madogo yanaingia moja moja. Nimeimba kwaya tangu usichana wangu, najua wimbo wa kanisa unavyokwisha, unajua amina inakuja na unajiandaa. Huu ulifika pale pa amina, noti ya mwisho ikapanda, ikakaa huko juu, na amina haikuja. Msichana hakusema neno lake hata moja. Akafungua filamu nyingine, mtoto anakwenda kuchunga mbuzi, akaninyooshea kidole pa kusikiliza. Nikasikia. Akafungua nyingine, binti anapanda basi kwenda bweni. Nikasikia. Nyingine tena. Filamu baada ya filamu, yule mzee wangu alikuwa anamsindikiza mtoto.

Mtadhani nililainika. Wapi! Nilitoka pale nimewaka kuliko nilivyoingia. Kumkasirikia mtu asiye na uchungu ni rahisi, unamzoea. Lakini mtu mwenye uchungu sawa na wako, mnalala kitanda kimoja, halafu anawapelekea watu wa sinema?

Nilimkuta barazani anachambua maharage. Nikasimama mbele yake na mkoba wangu begani.

"Ile ya kwenye mfereji ni yake?"

Hakuniuliza ipi. "Ni yake."

"Uliitunga lini?"

"Siku ile ile. Nilipoingia ndani."

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia?"

Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Mama alikataza tusilie," akasema. "Kupiga hakukataza."

Mae! Hapo ndipo nilipopasuka. "Hakukataza! Mzee, umemzika mwanangu mbele ya nchi nzima! Watu wa Mwanza wamemlilia, watu wa Mbeya wamemlilia, watu wasiojua hata kama alikuwa wa kiume, na mimi mama yake umeniacha jikoni nageuza wali wa wapiga tarumbeta! Ungeniita. Ungesema tu, njoo usikie. Miaka yote nakuita jiwe, na wewe unakubali kuitwa jiwe!"

"Niliogopa ungelia."

"Ningelia, ndiyo! Kwani ulitaka nicheke?"

"Ungelia, tumbo likafunga kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Sikuwahi kuisikia hivyo. "Ningekuwa ni mimi niliyekufunga."

"Tumbo! Mzee, nina wajukuu! Tumbo lilishajifunga lenyewe! Ulikuwa unasubiri nini, jamani, nife?"

Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yamejaa. Nikafungua mdomo ili nimwongezee nyingine, maana zilikuwa bado zipo, nikashangaa kinachotoka si maneno. Nikapiga ukunga. Nikalia kama wanavyolia wanawake msibani, kwa sauti yote, mkoba ukaanguka, nami nikakaa chini pale pale kwenye sakafu ya baraza. Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. Na mume wangu, mwanamume mzima, kiongozi wa matarumbeta, akashuka kwenye kiti akakaa chini karibu nami, akalia na yeye.

Lemara ukisikia ukunga wa namna hiyo hupigi simu kuuliza. Jirani wa mkono wa kulia akaingia amejitupia khanga mabegani, wa nyuma akaja na mikono yenye povu la sabuni, fundi aliyekuwa anajenga ukuta hapo mbele akavua kofia akasimama getini. Mtu mmoja, sikumbuki nani, alikuwa tayari anatoa viti nje na kuvipanga. Jirani akapiga magoti akanikumbatia. "Pole, mama, pole sana. Ni nani? Nani amefariki?"

Mimi, mwenye mdomo wangu, sikuweza kutamka kitu.

Mume wangu ndiye aliyejibu. "Mtoto wetu wa kwanza."

Jirani akashtuka, akanishika kwa nguvu. "Yule wa Dar? Yesu wangu! Lini?"

"Si wa Dar," akasema. "Kabla yake, wa kiume. Ni zamani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ila tulikuwa hatujalia."